Vitabu vya Mwaka vya Mkoa Nisioujua

Miaka ile nilikuwa nikifanya kazi kwenye ofisi ya kuchapa fomu, mtaa wa Satwa, Dubai, baina ya fundi cherehani wa Kipakistani na gereji ya betri. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu, kompyuta tatu na mashine ya kopi iliyopata joto haraka mpaka tukawa tunaipumzisha kama mgonjwa. Watu walikuja na pasipoti zao, nasi tukawajazia fomu za viza, za leseni, za kumleta mke, za kumrudisha mfanyakazi kwao. Mimi nilichapa Kiarabu na Kiingereza. Meza ya pili alikaa dada mmoja Mkenya, mtu wa Nakuru, aliyechapa Kiingereza tu lakini kwa kasi ya kutisha. Meza ya tatu ilikuwa ya Msudani wa makamo, ambaye Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko cha arbab mwenye ofisi.

Mturuki alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa na karakana ya milango ya mbao kule Al Quoz, na kila baada ya miezi michache alileta pasipoti za mafundi wake. Umri wake ulikuwa umeshapita sitini. Alikuwa na masharubu meupe, na unga wa mbao haukuwahi kumtoka kwenye mishono ya viatu. Siku hiyo alikuja kuhuisha viza ya fundi mmoja, na wakati akisubiri akatoa kwenye bahasha bunda la kopi, akaliweka mbele ya Msudani.

"Ustadhi, hebu nisomee hapa."

Msudani akavaa miwani. Akasoma mstari mmoja kimyakimya, wa pili, kisha akatikisa kichwa. "Herufi ni zetu," akasema. "Neno mojamoja nalijua. Lakini maneno haya yamefungwa kwa kamba nisiyoijua mimi."

Mturuki akacheka kwa unyonge. "Ni Kituruki. Cha zamani, kabla hatujabadilisha herufi. Lugha ni yangu na siwezi kuisoma."

Nikainuka kwenda kutazama. Sijui Kituruki hata cha kuombea maji. Lakini bibi yangu mzaa mama, Unguja, maisha yake yote aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zake macho yalipomwishia. Katika barua zile herufi moja ya *ba* ingeweza kuwa ba, pa au mba, na msomaji alitakiwa aisikie sentensi masikioni kwanza ndipo achague. Kwa hiyo nilikuwa na mazoea ya kusoma maandishi ambayo herufi zake hazikushonwa kwa lugha ile.

Nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa na kuanza kujaribu sauti. "Dakarman. Dikirmin. Degirmen…"

"Değirmen!" Mturuki akapiga meza kwa kiganja. "Değirmen! Kinu! Kinu cha maji cha kusagia ngano!"

Dada wa Nakuru akaacha kuchapa. "Ala! Kumbe wajua Kituruki na hujawahi kutuambia?"

"Wallahi sijui hata neno moja," nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa na sauti, yeye alikuwa na maana. Tulisoma hivyo mistari mitatu minne, nikikosea na yeye akinirekebisha, mpaka foleni ya wateja ikafika mlangoni na arbab akasema yalla, yalla, kazi.

Kabla hajaondoka nilimwuliza ni kitu gani kile. Akanieleza amesimama, bahasha kifuani. Zamani, enzi za sultani wao, kila mkoa ulikuwa ukichapisha kitabu cha mwaka cha serikali. Kilikuwa na majina ya maofisa wote, kuanzia liwali wa mkoa mpaka karani wa telegrafu katika mji mdogo kabisa. Baada ya majina kulikuwa na maelezo ya kila wilaya: misikiti mingapi, madaraja, mahamamu ya kuogea, maduka, vinu, mazao ya shamba, hewa ikoje. Walikiita *salname*, na hilo ni neno la Kiajemi, maandishi ya mwaka. Mpwa wake, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amemtolea kopi za kurasa za mji wao kutoka maktaba, za miaka mitatu tofauti.

"Babu yangu alikuwa kadhi wa mji," akasema. "Nyumbani wote twajua hivyo. Nataka kuliona jina lake kabla sijafa."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na lile neno la kinu mdomoni. Nikamhadithia mama, na kwamba Mturuki anataka nikamsomee zilizobaki karakanani kwake.

Mama alikuwa ameshastaafu. Alikuja Dubai zamani, mimi ningali mtoto, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu, ukunga. Alizalisha Unguja, akaja kuzalisha hapa mpaka miguu ikamkataa. Aliponisikiliza akasema, "Mlete. Lakini mlete hapa, mimi nikiwepo. Wewe si mtoto wa kukaa karakana na mwanamume, hata akiwa na masharubu meupe."

Basi ikawa kila Ijumaa alasiri Mturuki anakuja kwetu. Alivua viatu mlangoni akavipanga vizuri, akamwamkia mama kwa kuweka mkono kifuani, akamwita Hajjah. Mama alimwita Bwana Fundi. Alikaa kiti cha karibu na dirisha, mama kwenye kochi na kazi yake ya kufuma, na mimi chini kwenye zulia, kurasa zimetandazwa mbele yangu. Tulikunywa kahawa na kula kaimati. Tulizungumza Kiarabu cha hapa, kile cha sokoni ambacho kila mtu anakiharibu kwa namna yake, na mama nikamfasiria pale alipotaka.

Nilidhani nitachoka baada ya Ijumaa mbili. Haikuwa hivyo. Kwanza kulikuwa na furaha ya kukutana na maneno ninayoyajua katika nchi ya watu. Katibu alikuwa katibu. Tabibu alikuwa tabibu. Mufti, daftari, sanduku, sabuni, zaituni, yote yalikuwemo, yamevaa nguo nyingine kidogo. Ilikuwepo hata baladiya, ambayo kwetu Dubai ni manispaa, wale watu wanaokuja kukagua jikoni za mikahawa. Nikikuta neno la namna hiyo nilimwangalia Mturuki kabla hajasema, nikasema mimi, naye akacheka. Tabu ilikuwa maneno ya Kituruki chenyewe, maana herufi moja ya *kaf* iliweza kubeba sauti tatu au nne, na irabu hazikuandikwa. Yeye utotoni alisomeshwa juzuu kwa irabu zake, chini na juu, kisha akaacha. Herufi tupu za gazeti au kitabu zilimtisha.

Tulianza na mahakama, kwa ajili ya babu. Tukasoma jina la kadhi wa mwaka wa kwanza. Siye. Mwaka wa pili, jina lilelile. Wa tatu vilevile. Nikasoma makatibu wa mahakama, wajumbe wa baraza, mwalimu wa shule ya serikali, msimamizi wa posta. Ijumaa tatu zilipita hivyo. Kila nilipomaliza orodha aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Endelea, binti yangu."

Katika orodha zile yalikuwemo majina ambayo sikuweza kuyapata sauti kabisa. Nilipoyakokota, Mturuki aliyapata mara moja, na uso wake ukabadilika. Yalikuwa majina ya Wakristo wa Kiarmenia, wajumbe wa mahakama na wa baraza, wamekaa mstari mmoja na Waislamu. Kwenye maelezo ya mji palitajwa kanisa lao na shule yao. Akaniomba nisome tena, polepole. Nikasoma.

"Nimezaliwa mji huo," akasema. "Nimekulia hapo. Hakuna mtu aliyenitajia majina haya hata mara moja."

Mama hakuhitaji tafsiri. Aliweka chini kazi yake ya kufuma na kumjazia kikombe. Kisha akatuuliza, "Na sasa wako wapi?" Mturuki akajibu kwamba hawapo, kwamba walihamishwa kwa nguvu na wengi wakafa njiani, na kwamba hayo yeye aliyajua akiwa mtu mzima, kwenye vitabu, akidhani ni habari za miji mingine. Ijumaa hiyo hatukusoma zaidi.

Nilikuwa nimeanza kukitazama kitabu kile kwa jicho la mchapaji. Siku moja niliweka ukurasa wa mwaka wa kwanza kando ya ukurasa wa mwaka wa pili, nikaona idadi ya maduka ni ileile, ya vinu ileile, hata neno moja lililokosewa herufi limekosewa vilevile. Nikacheka peke yangu. Sisi ofisini tulifanya hivyohivyo. Mteja akirudi, unafungua fomu yake ya mwaka jana, unabadilisha tarehe, khalas. Kama mwaka jana ulikosea jina la mama yake, mwaka huu atakuwa na mama yuleyule wa makosa. Nilimwona waziwazi yule karani wa mkoani, baridi imemkaza vidole, liwali anataka kitabu kiende mtamboni, na hakuna mtu wa kupanda mlimani kwenda kuhesabu vinu upya.

Nilimwambia Mturuki. Nilidhani atavunjika moyo, lakini alifurahi. "Kwa hiyo babu yangu huenda alikuwepo, na karani akanakili jina la aliyemtangulia?"

"Huenda," nikasema. "Na huenda hakuwa kadhi."

Akarudi kuzitazama kurasa. Mimi nikaona haya.

Mama ndiye aliyeuliza swali tulilokuwa hatujalifikiria. Alikuwa akisikiliza orodha za wanaume wiki baada ya wiki, na Ijumaa moja akachoka. "Hebu n'kuulizeni. Ati mkoa mzima huu, na theluji yake na vinu vyake, hakuna mwanamke hata mmoja? Hao wanaume walizaliwa na nani?"

Nikamfasiria Mturuki. Akacheka, akasema kitabu hiki ni cha watu wa serikali, na wanawake hawakuwa watu wa serikali. Mama akamjibu kwamba yeye alikuwa mtu wa serikali, tena wa kulipwa mshahara, tena mwenye cheti. Mturuki akaomba radhi, mkono kifuani.

Tukaendelea na orodha tuliyokuwa tumeiacha mwisho kwa sababu ilionekana haina maana kwetu, ya wafanyakazi wa baladiya. Rais wake. Wajumbe. Katibu. Tabibu. Mchanjaji wa ndui. Na mstari wa chini kabisa, neno moja na jina.

"Kabile," nikasoma.

"Sema tena," akasema mama.

"Kabile. Kwa Kiarabu ingekuwa *qabila*."

Mama akatua sindano zake. "Ndivyo walivyoniandika mimi kwenye karatasi zangu nilipofika hapa. *Qabila*. Mkunga."

Nikalisoma jina lililofuata, na baada yake neno la heshima wanaloitwa wanawake wa Kituruki, *hanım*. Mturuki alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka sahanini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Hilo ni jina la bibi yangu," akasema. "Mama yake baba."

"Ni jina la nadra?" nikauliza.

"La. Kila mtaa utampata mmoja."

"Bibi yako alifanya kazi?"

"Sijui. Alikuwa mzee. Alifariki mimi nina miaka saba. Tulimwita Ebe."

"Ebe ni nini?"

"Kwetu milimani, ebe ni bibi. Wajukuu wote tulimwita hivyo." Kisha akasita. Nilimwona akigeuza kitu kichwani, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Kwa Kituruki cha miji mikubwa," akasema polepole, "ebe ni mkunga."

Mama alitaka kujua anachosema. Nikamwambia. Mturuki aliendelea kuzungumza, safari hii hakutuangalia. Alikumbuka kwamba mwoka mikate naye alimwita Ebe. Alikumbuka mwanajeshi mmoja mkubwa, mwenye buti, aliyesimama mlangoni kwao akambusu mkono na kumwita Ebe, na yeye, mtoto wa miaka mitano au sita, aliona wivu, akidhani yule mwanajeshi anataka kumchukulia bibi yake.

"Mwulize kucha zake zilikuwaje," mama akaniambia.

Lilikuwa swali la ajabu, lakini nikauliza.

"Fupi," akasema. "Fupi sana. Na alinuka sabuni daima."

Mama akaitikia kwa kichwa, lakini hakuridhika. Yeye si mtu wa kukubali jambo kwa jina na sabuni. "Hiyo bado. Wanawake wengi ni wasafi. Aliacha vyombo? Mkasi, mkoba, chochote?"

Mturuki hakujua. Nyumba ya zamani ilibaki kwa dada yake mkubwa. Akatoa simu palepale. Dada akapokea, sauti kubwa, na kukawa na mazungumzo ya kupanda na kushuka. Mama aliuliza kwa Kiunguja, mimi nikageuza kwa Kiarabu, yeye akageuza kwa Kituruki, na jibu likarudi kwa njia ileile likichechemea.

Mkasi? Hakuna. Mkoba? Hakuna. Karatasi? Zilichomwa zamani, nani angeweza kuzisoma? Hakuna chochote cha Ebe kilichobaki, dada akasema, ila kiti kimoja kibovu cha mbao, kifupi, ambacho alikuwa amekiweka uani na kukibebesha chungu cha maua.

"Kibovu vipi?" akauliza mama.

Kimeliwa mbele, likaja jibu. Pa kukalia pamekatika.

"Pamekatika ovyo, au pamekatwa nusu duara, pakasuguliwa?"

Palipita muda. Nadhani dada alikwenda uani. Tulimsikia akihema, tukasikia kuku. Kisha Mturuki akasikiliza, akachora kwa kidole hewani, mbele yetu, nusu duara.

Mama akasimama. Ilikuwa nadra kumwona akisimama bila kushika kitu. "Hicho si kibovu," akasema. "Hicho ni kiti cha kuzalia. Mwambie aondoe maua yake."

Mturuki akamfasiria dada yake. Kisha dada akasema kitu kifupi, akakata.

"Amesemaje?"

"Amesema, na babu kadhi je?"

Tulicheka mpaka mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Lakini dada hakuwa akitania. Maisha yake yote alikuwa mjukuu wa kadhi. Likizo ya kiangazi Mturuki alipokwenda kwao, walikwenda wote wawili kwa binamu yao mzee aliyekuwa kitandani. Naye, bila kupepesa macho, akawaambia babu alikuwa mshona matandiko ya farasi. Maneno ya ukadhi aliyaanzisha baba yao alipokwenda kuposa. Dada alinuna siku mbili, Mturuki alinihadithia. Siku ya tatu alikitoa kile kiti uani, akakifuta vumbi, akakiingiza ndani ya nyumba.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi?" Akaangalia viganja vyake. "Mimi nimefurahi. Mshona matandiko ni fundi. Kadhi nisingejua nimwambie nini."

Alikuwa ameleta picha ya kiti. Mama aliishika karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kutueleza mwanamke alivyokikalia, mkunga alivyopiga magoti mbele, msaidizi alivyosimama nyuma na kumshika makwapani. Alieleza kwa mikono miwili, bila haya yoyote, jambo la kazi. Mturuki alizitazama feni za juu kwa bidii kubwa mpaka maelezo yakaisha.

Jambo moja halikuwa na hakika, na sikutaka kumficha. Jina lile la mkunga lilikuwemo katika vitabu vyote vitatu, lakini mimi nilishajua karani wetu alivyofanya kazi. Inawezekana alizalisha mji ule miaka mingi. Inawezekana alifika, akafanya mwaka mmoja, akaolewa na mshona matandiko, akaacha, na jina likaendelea kunakiliwa. Alisomea wapi, nani alimpeleka mlimani kule, hayo kitabu hakikusema. Serikali iliandika nafasi na aliyekaa ndani yake, basi. Mturuki alinisikiliza, akasema kwamba kwa mwanajeshi yule mwenye buti, mwaka mmoja ulitosha.

Baadaye mambo ya Dubai yakabadilika. Kuta za nyumba za mtaani kwetu zikaanza kuandikwa namba kwa rangi, watu wakasema kutabomolewa, na sisi tukahamia Al Warqa kwa kaka yangu. Kazi za ujenzi zikasimama, na milango ya mbao ikakosa majengo ya kuwekwa. Mturuki alifunga karakana, akawapeleka mafundi wake kwa rafiki yake, akarudi kwao kukaa. Alikuja kumuaga mama na kopo la asali. Kopi zote aliniachia mimi, maana yeye alikuwa na nyingine.

Nazisoma mpaka leo, polepole, na kamusi niliyonunua. Sijawahi kukanyaga mji ule, lakini najua ni upande gani wa mto palikuwa na hamamu, na kwamba mwandishi aliona hewa yake nzuri ila wakati wa masika. Kuna neno moja kwenye orodha ya matunda lililonishinda. Lina herufi tano, ya tatu imefifia kwenye kopi. Nilimpigia Mturuki, nikamsomea kwa kila namna niliyoweza, na yeye akaenda kuuliza sokoni. Wazee wawili walibishana. Mmoja alisema ni aina ya peasi lililokuwa likiiva wakati wa baridi, mti wake haupo tena. Mwingine alisema hakuna tunda kama hilo, na kwamba karani alikuwa na njaa.